Ng'ombe Aliyekatwa kwenye Sinema

Kazi yangu ya kwanza Nairobi ilikuwa kuwasemea watu wa kwenye sinema. Filamu zilitoka ng'ambo zikizungumza Kiingereza cha puani, na wengi wa watazamaji wetu hawakukijua. Basi mimi nilisimama kando ya shuka jeupe, kipaza sauti mkononi, nikaeleza kwa Kiswahili nani ni nani na kwa nini amekasirika. Nilichaguliwa kwa kuwa nimezaliwa Mombasa, na kwa sababu nina sauti ya ukoo wa mama yangu. Ndugu yake mama, mjomba niliyekuwa nikikaa kwake nyuma ya Bazaar, alifundisha Kurani asubuhi na kuuza kanzu na kofia mchana, na akiita mteja dukani, waliokuwa msikitini walisikia.

Mjomba hakuipenda kazi yangu. Siku nilipomweleza, alivua miwani akanitazama.

"Hao watu wa humo, wamekufa au wako hai?"

"Wako hai, mjomba."

"Sasa kwa nini hawasemi wenyewe?"

Nikamwambia ni kazi ya serikali, akanyamaza, maana miaka ile ya Hali ya Hatari jina la serikali lilinyamazisha mengi.

Tulizunguka na gari la sinema. Nasema tulizunguka: mimi na fundi wa mashine, mtu wa Maragoli, mrefu, mzee wa kanisa lake, ambaye ndiye aliyekuwa dereva pia. Fundi hakuwa akitazama sinema. Alitazama mashine tu, kama mama anayetazama maziwa jikoni yasimwagike. Siku moja nilimuuliza kama ameipenda filamu tuliyomaliza kuonyesha, akasema, "Ilikuwa nzuri. Haikukatika."

Kila Alhamisi alasiri tulikuwa Dagoretti, katika bohari la ngozi karibu na kichinjio. Usiku watu hawakuruhusiwa kutembea, kwa hiyo sinema ilionyeshwa mchana, na madirisha tuliyaziba kwa mablanketi. Ndani mlikuwa na giza, joto, na harufu ya ngozi mbichi iliyokaa siku nyingi kuliko inavyopasa. Hata hivyo bohari lilijaa. Wachinjaji walikuja na aproni zao, wanawake wa sokoni wakaja na vikapu, wazee wakaja na viti. Kukusanyika kulihitaji kibali, na sinema ilikuja na kibali chake. Nadhani wengine walikuja ili wakae pamoja tu, wasikie watu wengine wakipumua.

Sasa niwaambie kuhusu filamu zenyewe. Kabla hazijafika kwetu zilipita kwa kamati mjini, na kamati ilikuwa na mkasi. Mahali Mzungu alipoiba, palikatwa, tusije tukajua kwamba Mzungu huiba. Mahali mwanamke alipobusiwa, palikatwa. Mahali watu weusi au wekundu walipomshinda mtu yeyote, palikatwa mara mbili. Kilichobaki kilikuwa farasi. Filamu ilianza farasi wakikimbia kwenda kulia, ikaisha wakikimbia kwenda kushoto. Katikati palikuwa na mtu mwenye kofia nyeupe na mtu mwenye kofia nyeusi, na wa kofia nyeusi alianguka. Tukibadilisha filamu, farasi walibadilika rangi.

Baada ya farasi ilifuata filamu ya mafunzo. Hizo zilikuwa nyingi, lakini zote zilikuwa moja. Palikuwa na ndugu wawili, mmoja mwerevu na mmoja mjinga. Mwerevu alinawa mikono kwa sabuni, mjinga hakunawa. Au mwerevu alichimba choo, mjinga akasema nitachimba kesho. Mwisho mjinga alilala kitandani akiugua, na mwerevu akasimama mlangoni akitabasamu. Nilimhurumia sana yule mjinga. Nilikuja kumjua kuliko ndugu zangu.

Wa Dagoretti walistahimili kwa muda, kisha wakachoka. Aliyesema kwanza alikuwa mama mmoja muuza matumbo, mwanamke mnene mwenye sauti kavu, ambaye sufuria yake ilikaa nje ya lango la kichinjio na ambaye hakuna mchinjaji aliyethubutu kumkosesha nafasi ya mbele. Farasi walipotokea tu, aliinua mkono.

"Wewe Mswahili, hii tumeona."

"Mama, hii ni nyingine. Hii imekuja juzi."

"Ile kofia nyeupe itashinda?"

"Ngoja uone."

"Itashinda. Ile nyeusi itaanguka kwa mtaro. Si ndiyo?"

Ilianguka mtaroni. Bohari zima likaguna. Alhamisi iliyofuata akasema kwa sauti kila jambo kabla yangu, mimi nikabaki nikifuata nyuma yake kama mwangwi. Na si kwamba alipatia kila kitu. Mara moja alisema farasi atakufa, farasi hakufa, akakasirika kama aliyeibiwa.

Nilirudi mjini nimenuna. Kesho yake nikaamua kwamba kama picha haziwezi kubadilika, maneno yatabadilika. Alhamisi iliyofuata, fundi alipowasha mashine na farasi wakaanza kukimbia, nikasema kwenye kipaza sauti: "Mabibi na mabwana, huyu mwenye kofia nyeupe ni shemeji. Dada yake amerudishwa nyumbani na mumewe, na sasa mume anataka ng'ombe wake wa mahari. Shemeji amewaficha. Yule wa kofia nyeusi ndiye mume. Ninyi wenyewe mseme nani ana haki."

Wakasema! Bohari likagawanyika. Wazee walikuwa upande wa mume, ng'ombe warudi. Wanawake wakauliza kwanza dada alirudishwa kwa kosa gani. Mume alipoanguka mtaroni, mzee mmoja alisimama akasema hukumu si ya haki na ikatwe rufaa. Mama wa matumbo hakutabiri neno. Alikuwa ameshika shavu, akitazama shuka kama hajapata kuona farasi maishani mwake.

Wiki iliyofuata tulileta filamu ileile. Safari hii kofia nyeupe alikuwa akimkimbilia mkunga, na kofia nyeusi alikuwa mkunga mwenyewe, amelewa. Wiki nyingine walikuwa maaskari wawili waliogombana juu ya kuku. Fundi aliniambia njiani, "Ndugu, mimi nilifikiri ni filamu moja." Nikamwambia ni moja. Akafikiri mpaka tukafika mjini, kisha akasema, "Basi usiseme uwongo wowote juu ya mashine."

Habari za bohari la Dagoretti zilimfikia bwana mkubwa wa sinema. Huyu alikuwa Mzungu mpole, mwembamba, mkaaji wa Hurlingham, mtaa wa Wazungu, anayevaa soksi ndefu hadi magotini. Alipenda sinema kwa moyo wake wote, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha wapishi. Alikuja Alhamisi moja akakaa nyuma, kitambaa puani kwa ajili ya ngozi. Siku hiyo nilikuwa nimemfanya kofia nyeupe kuwa mjane. Watu walicheka, wakalia, wakapiga magoti yao kwa viganja. Bwana mkubwa alitoka macho yakimng'aa.

"Hawa watu napenda hii sinema sana!"

"Ndiyo, bwana. Wanaipenda."

"Mimi nasema siku zote. Farasi! Watu yote napenda farasi."

Ningefanya nini? Nilisema ndiyo, bwana. Baada ya muda si mrefu likaja boksi kubwa kutoka ng'ambo, na ndani mlikuwa na farasi watupu. Alikuwa ameagiza filamu zilezile, nyingi zaidi, kwa kuwa watu walizipenda. Nimesikia tangu siku hizo wajuzi wengi wakieleza kwa nini sinema za dunia zinafanana, na sababu zao ni za kisomi sana. Mimi niliiona sababu ikifunguliwa kwa bisibisi, uani mwa ofisi yetu.

Lakini wakubwa wake wa ng'ambo walikuwa na mawazo mengine. Walimtaka atengeneze filamu hapahapa, na watu wa hapa, yenye hadithi ambayo haijapata kuonekana. Bwana mkubwa alifurahi kama mtoto wa sikukuu. Alituita nyumbani kwake Hurlingham, kwenye bustani yake, mimi na fundi, akaniambia nimlete pia mtu wa Dagoretti anayejua hadithi. Nikamleta mama wa matumbo. Alivaa viatu siku hiyo, na mpishi alipomwekea kiti kwenye majani alikikagua chini kabla hajakikalia.

"Mimi nataka hadithi mupya," bwana mkubwa akasema. "Mupya kabisa. Hapana ile ya zamani."

Nilianza mimi. Nilisimulia hadithi ya maskini mmoja aliyemficha mgeni kumbe mgeni ni sultani, hadithi ya bibi yangu. Kabla sijamaliza fundi alisema hiyo ni ya kwao Maragoli, ila mgeni alikuwa mmisionari. Naye akasimulia ya kwake, ya ndugu wawili na shamba la baba yao. Bwana mkubwa akasema ile iko katika Biblia. Fundi akakubali kwamba huenda aliisikia huko. Kisha bwana mkubwa akasimulia ya kwake, ya nyumbani kwao Uingereza, na mama wa matumbo akamtazama kwa huruma akasema, "Hiyo ni ya sungura na fisi." Tukanywa chai. Nakiri kwamba nilishikwa na hofu kidogo pale bustanini. Niliona kama watu wote duniani tuna ghala moja, na ghala lile lina mifuko michache.

Ndipo mama wa matumbo akasema, "Mimi sijui hadithi. Najua tu ile ng'ombe ya shemeji yangu."

Akatueleza. Shemeji yake, mchinjaji, alinunua dume jeusi kutoka kwa Wamasai. Asubuhi ya kuchinjwa dume lile likavunja boma. Halikukimbia. Lilitembea. Lilipita sokoni watu wakilipisha njia, likashika barabara ya kwenda mjini, shemeji na wenzake wakilifuata na kamba kwa mbali kwa sababu lilikuwa na pembe. Likatembea mpaka huku kwa Wazungu, likaingia bustani moja ambamo kina mama wa Kizungu walikuwa wakinywa chai, likasimama katikati ya meza, likala keki. Kina mama walikimbilia ndani. Mmoja tu alibaki, mwanamke mzee, mwenye nyumba. Alilitazama dume, dume likamtazama. Shemeji alipofika na kamba, mwanamke mzee aliuliza ng'ombe huyu anapelekwa wapi. Shemeji, kwa kuwa ni mtu wa kweli, akamwambia. Mwanamke mzee akasema, "Hapana. Huyu mgeni wangu." Akafunga geti.

"Na shemeji yako?" nikamuuliza.

"Alisimama hapo kwa geti mpaka jioni. Akilia. Sasa huyo mama akatoka, akampa kazi ya kuchunga hiyo ng'ombe. Mpaka leo yuko huko. Mtu wa kuchinja! Anaichana na burashi."

Tulicheka mpaka mpishi akatoka kutazama. Bwana mkubwa alikuwa amesimama, chai imemwagika kwenye soksi. "Hii!" akasema. "Hii ndiyo mupya! Hakuna mutu naona hii!"

Nami niliamini. Nilirudi mjini nikamsimulia mjomba, na mjomba, ambaye hakupata kuulizia sinema hata siku moja, aliuliza, "Keki iliisha?"

Bwana mkubwa alikwenda na hadithi yetu kwenye kamati. Aliporudi alikuwa bado na furaha, lakini ya mtu anayejieleza. Jambo dogo tu, alisema. Wale kina mama wa Kizungu hawawezi kuonekana wakikimbia, haipendezi. Kwa hiyo bustani imeondolewa. Wiki ya pili, jambo dogo jingine: ng'ombe hawezi kuvunja boma la kichinjio, watu watasema boma la serikali ni bovu. Kwa hiyo ng'ombe hatoroki. Wiki ya tatu akaeleza kwamba mchinjaji kulia getini kunashusha moyo, na kwamba kwa kuwa sasa ng'ombe hatoki Dagoretti, afadhali awe na faida: apelekwe josho, aogeshwe dawa ya kupe.

"Na shemeji?" mama wa matumbo akauliza.

Bwana mkubwa alikohoa. Shemeji sasa walikuwa wawili, akasema. Ndugu wawili. Mmoja napeleka ng'ombe kwa josho, mwingine hapana peleka.

Mama wa matumbo alinigeukia. "Huyu ambaye hapeleki," akaniuliza taratibu, "anagonjeka?"

"Nadhani, mama."

"Na yule mwingine anasimama kwa mlango?"

Bwana mkubwa akauliza tunasema nini. Nikamwambia mama anasema ni hadithi nzuri.

Tulipiga picha Dagoretti, uwanja wa nyuma ya kichinjio. Mpiga picha alitoka ng'ambo na kamera yake katika sanduku lenye mahameli. Mjinga aliigizwa na karani mmoja, mtu mwerevu sana. Mwerevu aliigizwa na mchinjaji ambaye hakuacha kuitazama kamera usoni kama anayeidai. Mama wa matumbo alikuwa mke wa mjinga, kazi yake kusikitika, na alisikitika vizuri bila kufundishwa. Ng'ombe lilikuwa dume la kahawia, kubwa, lililokodiwa kwa siku hiyo, na lilitakiwa litembee kutoka mti mmoja mpaka josho la mbao tulilolitengeneza, lisimame, liogeshwe, litoke likiwa na furaha.

Dume lilitembea kutoka kwenye mti. Lilifika kwenye josho, likanusa. Likalipiga josho kwa pembe likawa kuni. Mwerevu akapanda juu ya paa la choo kilichokuwa hapo kwa ajili ya filamu nyingine. Karani mjinga, ambaye hakuwa amepangiwa kufanya lolote, aliruka akashika mkia, naye dume likamburuta kwenye uwanja mzima, kofia imemruka, akipaza sauti maneno ya kwao ambayo hakuna kamati ingeyapitisha. Mama wa matumbo alisahau kusikitika, alipiga vigelegele. Kisha dume likatoka langoni, likashika barabara ya kwenda mjini, likitembea.

Nilimgeukia mpiga picha. Alikuwa amezima kamera na ameifunika kwa kitambaa isipate vumbi.

"Bwana!" nikapiga kelele. "Piga! Piga!"

Bwana mkubwa alinishika bega, akanieleza kwa upole wa mwalimu: "Hapana. Hii hapana iko katika hadithi."

Dume lilikamatwa kabla ya kufika Hurlingham, na vijana waliotoka dukani. Siku ya pili tulileta dume jingine, dogo, lililokuwa mgonjwa kidogo na kwa hiyo tulivu. Likaogeshwa. Likatoka na furaha, kama hati ya filamu ilivyosema.

Filamu ilipokuwa tayari ilikuja na kitu ambacho sikukitarajia: ilikuwa na Kiswahili chake ndani. Mtu mmoja huko ng'ambo alikuwa amesoma maneno yote kwenye mashine, kwa sauti ya kusoma tangazo la kifo. Fundi aliniambia kwa huruma kwamba kipaza sauti hakitahitajika. Nikakaa miongoni mwa watu kwa mara ya kwanza, kwenye ubao, katikati ya ngozi.

Bohari lilikuwa limejaa, maana kila mtu alitaka kujiona au kumwona jirani. Bwana mkubwa alikaa nyuma. Filamu ikaanza. Walipomwona karani walipiga makofi. Walipomwona mama wa matumbo wakapiga zaidi. Kisha ile sauti ikaanza, "Hapo kale palikuwa na ndugu wawili," na makofi yakafa. Hata hawakuguna. Walikaa wakitazama kama watu walio kwenye foleni. Mjinga alilala kitandani, mwerevu akasimama mlangoni, ng'ombe likatoka joshoni. Ndipo mama wa matumbo aliposimama mbele ya shuka, ng'ombe likimpita kifuani na usoni.

"Sasa mimi nitawaambia," akasema, "huyu ng'ombe alifanya nini kweli."

Akawaambia, juu ya ile sauti ya tangazo, akiizidi. Akasimulia josho lilivyopasuka, akaonyesha kwa mikono yake karani alivyoburutwa. Karani mwenyewe akasimama akasahihisha jambo la kofia. Mwerevu akaapa kwamba hakupanda paa la choo, wakamzomea. Watu walicheka mpaka blanketi moja likaanguka dirishani, mwanga ukaingia, picha ikafutika, wala hakuna aliyeililia picha. Fundi peke yake alizunguka mashine akiiuliza kama imeumia.

Bwana mkubwa alikuja akanishika mkono. Alikuwa anatokwa machozi ya furaha. Aliona watu wakicheka filamu yake.

Baada ya hapo alipandishwa cheo akapelekwa koloni jingine, huko kusini, kuwatengenezea filamu. Fundi aliletewa boksi moja kutoka huko kwa majaribio. Alisema ndugu walikuwa wawili, na safari hii ilikuwa kuku.

Mimi sikufukuzwa, nilikosa tu cha kusema. Filamu zote sasa zilikuja na sauti zao. Nikarudi dukani kwa mjomba kuuza kofia, na mama wa matumbo aliendelea na sufuria yake langoni. Niliambiwa kwamba Alhamisi, gari la sinema likishaondoka, watu walibaki boharini wamzunguke, awasimulie.

Mwaka uliofuata, siku moja ya Idi, nilikwenda na fundi kwenye sinema ya Wahindi huko Bazaar, wote tumelipa kama watu wengine. Ilikuwa ya ndugu wawili waliopoteana katika mafuriko. Tulijua tangu wimbo wa kwanza kwamba watakutana, na alama ya mkononi ndiyo itakayowatambulisha. Kwa mara ya kwanza nilimwona fundi akitazama shuka badala ya mashine. Walipopishana sokoni bila kutambuana, nikasikia anapenga kamasi.

"Unalia nini?" nikamnong'oneza. "Si unajua watakutana?"

"Najua," akasema. "Lakini wao hawajui."

Tukakaa mpaka taa zikawashwa, kisha tukatoka tukatafuta sambusa.